Simu Kati ya Watu Wawili: Mwongozo wa Kutafiti Mawasiliano na Mahusiano Ggaba

Utafiti wa teknolojia na mahusiano huchunguza jambo moja: ni nini hubadilika kati ya mtu na mwenzake pale njia yao ya kuwasiliana inapobadilika. Simu yenyewe si mada. Mada ni mama na mwanawe aliye mbali, mchuuzi wa samaki na mwenye mtumbwi, mke na mume, mweka hazina wa kikundi na wanachama wake. Simu inaingia kwa sababu imekaa katikati yao. Mtafiti anayelisahau hilo huishia kuhesabu nani ana simu ya aina gani na ananunua bando la kiasi gani, na kazi ikiisha hana la kusema kuhusu watu.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi, mwalimu, mhudumu wa jamii au mkaazi anayetaka kufanya utafiti mdogo wa miezi miwili au mitatu, bila fedha nyingi. Umejengwa juu ya Ggaba, lakini hatua zake zinafaa pia kwenye mwalo wa Kirumba kule Mwanza au Dunga kule Kisumu.

Ggaba kama mahali pa utafiti

Ggaba iko mwisho wa Barabara ya Ggaba, kama kilomita 11 kusini-mashariki mwa katikati ya Kampala, katika tarafa ya Makindye, ukingoni mwa Ziwa Viktoria ambalo Waganda hulijua kwa jina la Nalubaale. Ndani ya eneo ambalo mtu hulizunguka kwa miguu kuna mwalo, soko, mitambo inayosukuma maji ya jiji, seminari kuu ya Mtakatifu Maria, hosteli za wanafunzi, vyumba vya kupanga vya watu wa kipato kidogo na nyumba za matajiri. Boti za abiria hutoka hapo kwenda visiwani Koome. Ukirudi mjini unapita Bunga, kisha Kansanga penye Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala, kisha Kabalagala.

Faida ya mchanganyiko huo ni kwamba mahusiano ya umbali tofauti yamekutana mahali pamoja. Kuna ambaye mwenzake yuko kisiwani, mtandao ukimfikia kwa vipindi. Kuna mwenye wazazi kijijini Masaka au Soroti. Kuna mwenye binti anayefanya kazi za nyumbani katika nchi za Ghuba. Na kuna wanaoishi ua mmoja, milango ikitazamana, ambao bado huandikiana ujumbe. Mtafiti anaweza kuwalinganisha hawa wote bila kupanda basi.

Lugha ya soko ni Kiganda. Kiswahili husikika kwa wafanyabiashara, madereva, askari na watu waliotoka Kongo, na Kiingereza hutumika shuleni na ofisini. Mtafiti asiyejua Kiganda atafute msaidizi wa pale pale, na amshirikishe tangu maswali yanapotungwa, si siku ya mahojiano tu. Swali lililoandikwa kwa Kiswahili sanifu na kufasiriwa papo hapo sokoni hubadilika kila linapoulizwa.

Kujua yaliyokuwapo kabla

Hakuna anayeweza kueleza mabadiliko bila kujua yalianzia wapi. Hatua hii hurukwa sana, na matokeo yake ni ripoti zinazodai kwamba simu ilileta mambo ambayo watu waliyafanya miaka mingi kabla yake.

Kabla ya simu za mkononi, habari zilikuwa na njia zake. Barua ilipewa dereva au utingo, ikaachwa dukani kwa mtu anayejulikana. Misiba ilitangazwa redioni, na jamaa walikaa wakisubiri saa ya matangazo ya vifo. Mtoto alitumwa kwa jirani. Nahodha alibeba salamu kutoka kisiwa hadi kisiwa. Kila njia ilikuwa na adabu yake: nani anamtuma nani, ujumbe unasemwaje mbele ya mtu wa tatu, jibu linasubiriwa muda gani. Wazee wa Ggaba wanayakumbuka haya vizuri, na mahojiano nao ndiyo mwanzo mzuri wa kazi.

Simu zilipoingia, watu walizitumia kwa namna ambazo kampuni hazikuzipanga. Katikati ya miaka ya 2000, kabla huduma rasmi ya pesa kwa simu haijaanza Uganda, mtu wa mjini aliweza kununua vocha, akampigia mwenye kibanda cha simu kijijini na kumsomea namba zake. Mwenye kibanda akajiwekea salio hilo, akakata chake, na kumkabidhi mama mhusika fedha taslimu. Njia hiyo ilisimama juu ya kuaminiana tu. Vivyo hivyo kubipu, yaani kupiga simu na kukata kabla haijapokelewa. Mtafiti Jonathan Donner, katika makala yake ya mwaka 2007 iliyotokana zaidi na kazi aliyofanya Rwanda, alionyesha kwamba kubipu kulikuwa na kanuni ambazo watu walizijua bila kufundishwa: mwenye uwezo ndiye anayepiga, na kijana anayemchumbia msichana hawezi kumbipu bila kujishushia heshima. Hapo ndipo mafunzo kwa mtafiti yalipo. Mlio mmoja usiopokelewa ulibeba cheo, uwezo na nia ya mtu.

*Kisanduku cha 1: Alama za kukumbushia wakati*

Watu hawakumbuki miaka kwa usahihi, ila hukumbuka matukio. Tumia haya kumsaidia msimulizi kupanga habari zake:

- 1995: Celtel inaanza huduma za simu za mkononi Uganda.
- 1998: MTN inaingia.
- 2009: MTN inaanzisha huduma ya pesa kwa simu.
- Julai 2018: kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa anayetumia mitandao ya kijamii. Ilidumu hadi Julai 2021, nafasi yake ikachukuliwa na ushuru wa asilimia 12 kwenye data.
- Machi 2020 hadi Januari 2022: shule zinafungwa kwa sababu ya korona mpaka zinapofunguliwa kikamilifu.
- Januari 2021: intaneti inazimwa nchi nzima jioni ya tarehe 13, siku moja kabla ya uchaguzi, na kurudishwa tarehe 18.

Tukio la mwisho lina thamani ya pekee kwa mtafiti. Kwa siku tano watu waliozoea WhatsApp walilazimika kutafuta njia nyingine, na njia waliyoichagua, pamoja na mtu waliyeanza kumtafuta, huonyesha ni mahusiano gani yalikuwa na mizizi nje ya mtandao. Swali linalofaa ni jepesi: "Siku zile intaneti ilipozimwa, ulimtafuta nani kwanza, na ulimpataje?"

Kutunga swali linaloweza kujibiwa

"Teknolojia imeathiri vipi mahusiano ya watu wa Ggaba?" si swali la utafiti. Kila jibu litalifaa, kwa hiyo hakuna jibu litakalolithibitisha wala kulipinga. Njia ya kulipunguza ni hii:

1. Taja uhusiano mmoja. Si "vijana", bali kwa mfano "mwanafunzi wa hosteli na mzazi anayemlipia ada".
2. Taja tendo moja ndani ya uhusiano huo: kuomba fedha, kujuliana hali, kupatana bei, kuomba radhi, kuarifu msiba.
3. Taja njia mbili au tatu ambazo tendo hilo linaweza kupitia: kwenda mwenyewe, kupiga, kuandika ujumbe, kutuma sauti, kumtuma mtu.
4. Uliza nani huchagua njia, kwa sababu gani, na mwenzake huielewaje.
5. Andika jibu ambalo lingekushangaza. Ukishindwa kulifikiria, swali bado ni pana au jibu tayari unalo kichwani.

Mfano ulio tajiri kuliko yote Ggaba uko mwaloni. Kuna utafiti mashuhuri wa Robert Jensen, uliochapishwa 2007, kuhusu wavuvi wa Kerala nchini India. Simu zilipofika pwani ile kati ya 1997 na 2001, wavuvi waliweza kuulizia bei kabla ya kutia nanga, tofauti za bei kati ya soko na soko zikapungua sana, na samaki wakaacha kutupwa kwa kukosa mnunuzi. Watu wengi huuchukua utafiti huo na kudhani kila mwalo duniani uko hivyo. Ila kuzunguka Ziwa Viktoria ni kawaida mnunuzi kumkopesha mvuvi nyavu, injini au mafuta, na mvuvi kulipa kwa kumuuzia samaki wake. Mvuvi wa namna hiyo anaweza kuijua bei nzuri ya mwalo wa pili na bado asiende. Simu kwake si chombo cha kutafuta soko peke yake. Ni kamba ambayo mkopeshaji anaivuta: uko wapi, umepata kilo ngapi, mbona hupokei.

Kutokana na hapo huzaliwa maswali mazuri. Mvuvi akisema mtandao haukushika ziwani, mkopeshaji anaamini mara ngapi? Nani huzima simu, saa ngapi, na akiulizwa husema nini? Je, mchuuzi mwanamke asiye na mtaji wa kukopesha hupata samaki wa sangara, ambao hapa huitwa mputa, kwa kujenga mazoea ya simu za kila siku na nahodha, na mazoea hayo yana gharama gani kwake? Doria za jeshi dhidi ya uvuvi haramu zilizoanza 2017 nazo zimeingia katika mawasiliano ya ziwani, na mtafiti asiyelijua hilo atashangaa kwa nini mvuvi hataki kuzungumzia simu anazopiga usiku. Asimlazimishe.

Nje ya mwalo yapo mengine. Michango ya msiba, ambayo Waganda huiita mabugo, siku hizi inaweza kutumwa kwa simu na mtu asiyefika matangani. Je, jina lake likisomwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo huhesabika kuwa amefika? Vikao vya maandalizi ya kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi wa binti, na ya harusi vinavyoendeshwa kwenye makundi kama hayo huonyesha hadharani nani ameahidi na nani hajatoa. Na ssenga, shangazi ambaye kwa mila ya Waganda humfunda binti mambo ya ndoa, sasa ana washindani redioni, magazetini na kwenye simu. Mojawapo tu ya haya linatosha kwa miezi mitatu.

Ruhusa na usalama wa watu

Sababu ya kuanza na usalama kabla ya kukusanya chochote ni kwamba utafiti huu hugusa siri zilizo ndani ya nyumba. Simu ina majina ya wapenzi, madeni, magonjwa, ugomvi wa ndugu. Taarifa moja ikivuja inaweza kumfikisha mtu kwenye kipigo au kumvunjia ndoa.

1. Pata kibali cha maadili. Nchini Uganda, utafiti unaohusisha watu hupitia kamati ya maadili iliyoidhinishwa, kisha husajiliwa na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Mwanafunzi aanze kwa msimamizi wake chuoni, na aanze mapema, kwa sababu hatua hii huchukua muda kuliko inavyotarajiwa.
2. Jitambulishe kwa mwenyekiti wa baraza la mtaa (LC1) wa eneo, na kwa viongozi wa mwalo na soko. Barua peke yake haitoshi. Fika mwenyewe, salimia kwa utulivu, eleza kazi na muda wake. Ruhusa ya mwenyekiti ni ya kuingia mtaani. Haichukui nafasi ya ridhaa ya mtu binafsi.
3. Omba ridhaa ya kila mshiriki kwa lugha anayoielewa. Mwambie anaweza kukataa swali lolote au kujitoa siku yoyote bila kutoa sababu.
4. Kwa aliye chini ya miaka 18, pata ridhaa ya mzazi au mlezi na pia kukubali kwa mtoto mwenyewe.
5. Kusanya taarifa chache zinazohitajika tu. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inamtaka anayekusanya taarifa za mtu kueleza ni za nini na kuzilinda.

*Kisanduku cha 2: Tahadhari zisizovunjwa*

- Usishike simu ya mshiriki. Yeye aifungue, yeye asome, yeye aamue kipi kisemwe.
- Usimhoji mke kuhusu simu ya mume akiwepo mume, wala kinyume chake.
- Usikubali kuonyeshwa ujumbe wa mtu mwingine uliochukuliwa bila yeye kujua. Kuingia kwenye simu ya mtu bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011, hata kama aliyeingia ni mwenzi wake.
- Usijiunge kimya kimya na kundi la WhatsApp kwa nia ya utafiti. Msimamizi wa kundi akukaribishe, na wanachama wajue wewe ni nani.
- Usipeleke kwa upande mmoja maneno ya upande wa pili, hata kwa nia ya kusuluhisha.

Kuchagua washiriki

Kipimo cha utafiti huu ni jozi: watu wawili wanaowasiliana. Anayehoji upande mmoja hupata malalamiko au sifa. Anayehoji pande zote mbili hupata uhusiano. Jozi 10 hadi 15 zilizofuatwa kwa makini humtosha mtafiti mmoja, na zina thamani kuliko dodoso 200 zilizojazwa kwa haraka kituo cha teksi.

Si kila jozi itakubali. Mwajiri na mfanyakazi wa ndani, au mkopeshaji na mvuvi, hawako sawa, na aliye chini huenda akaogopa. Katika hali hiyo mtafiti amchague kila mmoja kutoka jozi tofauti: wakopeshaji kadhaa, na wavuvi wasio wa kwao.

Wasio na simu nao wasiachwe. Jenna Burrell, aliyechunguza vijiji vya Uganda na kuchapisha mwaka 2010, alionyesha kwamba kuazimana simu hakumaanishi kila mtu anaifikia kwa usawa. Mwenye simu huwa mlinda mlango, na wanawake ndio walioumia zaidi kwa mpango huo. Ggaba ya leo ina simu nyingi kuliko vijiji vile vya wakati ule, lakini bado yupo bibi anayepigiwa kupitia simu ya mjukuu, na mfanyakazi wa nyumbani ambaye simu yake hushikwa na mwajiri hadi jioni. Mahojiano na watu hawa hufundisha mengi kwa muda mfupi.

Saa na siku zina uzito wake. Asubuhi samaki wanaposhuka hakuna mwenye nafasi ya kuhojiwa. Wavuvi wa dagaa, ambao hapa ni mukene, huvua kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo siku za mwezi mpevu ndizo wanapopumzika na kuzungumza. Wanafunzi wa hosteli hawapatikani wakati wa mitihani. Jumapili asubuhi si wakati wa kumgongea mtu mlango.

Zana nne za kukusanya habari

*Tukio la mwisho.* Hii ndiyo zana kuu. Watu wakiulizwa wanafanya nini kwa kawaida, hujibu wanavyopenda kuonekana. Wakiulizwa kuhusu mara ya mwisho, hukumbuka kilichotokea. Badala ya "Je, huwa unawasiliana na mama yako?", aulizwe: "Mara ya mwisho ulipozungumza na mama ilikuwa lini? Nani alianza kupiga? Ulikuwa wapi, na nani alikuwa karibu? Mlianza kwa kusema nini? Kuna uliloficha?" Maswali matano ya namna hiyo huzaa habari kuliko saa nzima ya maoni kuhusu vijana wa siku hizi.

*Simu 10 za mwisho.* Mshiriki hufungua orodha ya simu zake na kusoma 10 za mwisho, bila majina: "dada", "mteja", "mtu ninayemdai". Kwa kila moja mtafiti huandika nani alipiga, kwa dakika ngapi, na ilikuwa ya nini. Zisizopokelewa huandikwa pia, kwa sababu kutopokea ni ujumbe. Mshiriki anayo haki ya kuruka yoyote. Jedwali fupi la aina hii huonyesha mapema tofauti kati ya anavyojieleza mtu na anavyoishi.

*Shajara ya wiki moja.* Mshiriki hurekodi kila jioni, kwa maandishi au kwa sauti, mawasiliano matatu yaliyomgusa siku hiyo. Kurekodi sauti kunafaa kwa wasiopenda kuandika, na huleta mambo ambayo karatasi haiyaleti: kusita, kucheka, hasira. Siku ya tatu mtafiti apite kumjulia hali, la sivyo shajara hufa.

*Kukaa na kutazama.* Kibanda cha wakala wa pesa za simu, duka la kuchaji simu, benchi la wanaosubiri boti: hapo mawasiliano huonekana kwa macho. Mtu akimpigia mkubwa wake, husimama? Hushusha sauti? Mwanamke wa Kiganda aliyelelewa kupiga magoti anaposalimia, hufanya nini anapompigia baba mkwe? Salamu ndefu ambayo ana kwa ana ingechukua dakika tatu hukatwa wapi salio linapokuwa dogo? Mtafiti aombe ruhusa ya mwenye kibanda, aandike anachokiona kwa jumla, na asiandike namba wala kiasi cha fedha cha mteja yeyote.

Huko sokoni na mwaloni watu huitwa ssebo na nnyabo, yaani bwana na bibi, na mtafiti kijana anayemwendea mzee kwa daftari lililofunguliwa kabla ya kumsalimu hupewa majibu mafupi anayostahili. Daftari lifuate salamu. Malipo ya mahojiano yawe madogo na yaleyale kwa wote, kama salio dogo au nauli, na yatajwe mwanzoni.

Makosa yanayorudiwa

Kosa kubwa kuliko yote ni kuipa simu lawama au sifa ya kila badiliko. Mtu akisema "siku hizi hatutembeleani, ni hizi simu", hiyo ni habari kuhusu anavyofikiri, bado si ushahidi wa sababu. Huenda kodi ya nyumba ilimhamisha mbali, nauli imepanda, kazi yake imekuwa ya usiku, au ugomvi wa ardhi umewatenganisha ndugu na simu imekuwa kisingizio cha heshima. Njia ya kupima ni kumtafuta mwenye simu ileile na maisha tofauti, au mwenye maisha yaleyale asiye na simu, na kulinganisha.

Lingine ni kudhani kwamba njia ya uso kwa uso ndiyo bora daima. Binti aliye Ghuba anayemwona mwanawe kwa video kila jioni, na mtoto akamzoea sauti na sura, hana njia ya uso kwa uso ya kulinganisha nayo. Kwake kilicho mbadala ni kimya.

Wapo pia wanaodhani wazee hawamo katika habari hizi. Charlotte Hawkins alifanya utafiti mtaani Kampala mwaka 2018 na 2019, kama sehemu ya mradi mkubwa wa University College London (UCL) kuhusu simu na uzee, na kitabu chake kilitoka 2023. Alionyesha jinsi simu na pesa zinazotumwa kwa simu zilivyoingia katika kuwatunza wazee, na jinsi wazee wanavyoweza kuitumia simu kupitia mikono ya vijana wao. Mtaa wenyewe aliupa jina la kubuni, Lusozi, ili kuwalinda watu wake. Mtafiti wa Ggaba anaweza kujifunza kutoka pande zote mbili za kazi hiyo: somo lake na tahadhari yake.

Kuchambua na kuandika

1. Andika kumbukumbu kamili usiku uleule. Ya kesho yake tayari yamepungua.
2. Kwa kila jozi, weka simulizi za pande mbili karatasi moja, kushoto na kulia. Piga mstari zinapotofautiana. Tofauti hizo ndizo moyo wa utafiti. Usizifute kwa kuchagua anayesema kweli.
3. Soma kumbukumbu zote mara mbili bila kuandika. Mara ya tatu, weka alama pembeni kwa mambo yanayojirudia: kuficha mahali ulipo, kudai jibu, kutuma fedha badala ya kwenda, kunyamaza.
4. Hesabu panapohesabika. "Wengi" iwe "jozi 9 kati ya 12".
5. Tafuta jozi inayopinga hitimisho lako na iandike kwa urefu uleule.
6. Badili majina, na pia badili alama zinazomtambulisha mtu. Mwaloni, watu wenye mitumbwi ni wengi, lakini mwanamke mwenye mitumbwi mitatu na duka la vifaa huenda ni mmoja tu. Kumwita jina lingine hakumfichi.

Matokeo yarudishwe Ggaba kabla ya kupelekwa kwingine. Mkutano mfupi kwa mwenyekiti wa LC1, na mwingine na wachuuzi alasiri soko linapotulia, kwa Kiganda na Kiswahili, hutosha. Yasomwe ya jumla, bila kisa cha mtu mmoja kinachoweza kutambulika na majirani. Washiriki hurekebisha mengi katika mikutano hiyo, na marekebisho yao huandikwa ndani ya ripoti kama sehemu ya matokeo.

*Kisanduku cha 3: Orodha ya ukaguzi*

Kabla ya kuanza:
- Swali lina uhusiano mmoja na tendo moja.
- Kibali cha maadili na usajili vimekamilika.
- Msaidizi wa lugha ameshiriki kutunga maswali na ameahidi kutunza siri.
- Maswali yamejaribiwa kwa watu wawili wasio washiriki.

Wakati wa kazi:
- Kila mshiriki ametoa ridhaa, na anajua jinsi ya kujitoa.
- Walau mshiriki mmoja kati ya watano hana simu yake mwenyewe au huazima.
- Sauti zote zimehamishiwa mahali penye neno la siri siku ileile na kufutwa kwenye simu ya kurekodia.

Baada ya kazi:
- Majina halisi yamehifadhiwa mbali na kumbukumbu.
- Matokeo yamesomwa Ggaba.
- Sauti na orodha ya majina zimefutwa katika tarehe iliyoahidiwa kwenye fomu ya ridhaa, na msimamizi amearifiwa kwa maandishi kwamba zimefutwa.